Dreamliner ya nne au injini ya akiba? Tujadili kabla hela haijatoka

Wakuu habari za mchana. Nipo Kipawa hapa nasubiri mzigo utolewe, nikaona nitumie muda huu kuleta hii mada. Jana kwenye daladala ya Gongo la Mboto watu walikaribia kushikana mashati kisa ndege. Mmoja anasema serikali iongeze Dreamliner nyingine, yaani Boeing 787 ya abiria, ili ATCL (shirika letu, Air Tanzania) ishindane na Waethiopia, mwenzake anasema hizo hela bora zingejenga vituo vya afya, na mi nilikaa kimya mpaka nashuka. Sikupenda nilivyonyamaza kwasababu mizigo ya ndege ndo inanilisha, mwaka wa tisa huu, kutoa na kuingiza, nyingi ya watu wa Kariakoo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: tusinunue ndege nyingine kubwa ya abiria kwa sasa. Hela ya ndege moja iende kwanza kwenye injini za akiba, vipuri, kusomesha mafundi na vyumba vya baridi. Sisemi ATCL ifungwe, naomba mnielewe hapo. Mi nataka iishi.

Kwanza tukubaliane tunacho nini. Ndege kubwa, zile ambazo ndani zina njia mbili za kupita, tunazo nne. Dreamliner ya kwanza ilitua Julai 2018, ya pili Oktoba 2019, ya tatu Agosti 2024, zote ni Boeing 787-8, viti 262, ishirini na mbili vya daraja la biashara na vingine vyote vya kawaida. Ya nne ni ile ya mizigo, Boeing 767-300F, iliyopokelewa na Rais Samia Juni 2023, inabeba tani 54. Na kitu ambacho wengi hawakijui, ndege hizi zilinunuliwa na kumilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL wakakodishiwa tu. Kwahiyo unaposoma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwamba shirika limepata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23 halafu bilioni 91.8 mwaka 2023/24, ujue hapo bei ya kuzinunua hizo ndege haimo, hiyo ipo kwenye kitabu kingine.

Sasa ndege kubwa inalipa vipi? Inalipa ikiwa juu. Basi. Dar mpaka Mumbai ni kama kilomita 4,600, Dar mpaka Guangzhou ni karibu 8,700, yaani ndege ikienda China ikarudi siku nzima imeisha na zaidi, na humo inatakiwa iwe imejaza viti juu na mzigo kwenye tumbo, kwenda na kurudi. Hapo kwenye mzigo wa tumboni ndo watu husahau. Dreamliner ikiwa na abiria wake wote bado ina nafasi ya tani kadhaa chini, na ile hela ya mzigo mara nyingi ndo inayoamua kama safari imelipa au imekula hasara. Mtu wa Kariakoo anayeleta simu, spea za pikipiki, nywele na nguo za mtumba wa daraja la kwanza hapendi meli kwa kila kitu, vingine akisubiri mwezi na nusu soko limeshageuka, kwahiyo kurudi toka Guangzhou mzigo upo wa kumwaga. Kwenda ndo kasheshe. Tunapeleka nini?

Niwape kisa changu mnielewe. Kuna mteja wangu anakusanya kaa hai kutoka vijijini huko delta ya Rufiji, wanunuzi wake wapo China. Wale kaa wanafungwa magando kwa kamba mmoja mmoja, kwa mkono, wanapangwa kwenye boksi lenye matundu na juu panawekwa gunia lililoloweshwa, na kila baada ya muda unanyunyizia maji kidogo, sio mengi. Kaa hai ana bei nzuri sana. Kaa aliyekufa hana bei kabisa, unatupa. Siku hiyo tumefika shedi saa tisa usiku, karatasi zote zipo, mzigo umepita eksirei, umepimwa, saa mbili asubuhi tunaambiwa safari imeahirishwa, ndege ina tatizo la kiufundi. Shirika sitalitaja. Ikawa kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Hakukuwa na nafasi kwenye chumba cha baridi, tukahangaika na barafu ya kununua soko la samaki Feri, yule mama anafungua maboksi anagusa macho ya kaa kwa kijiti aone kama yanarudi ndani, akiona jicho halirudi anamtoa kaa anaweka pembeni kwenye ndoo. Ndoo zilijaa tatu. Mi nilikuwa nashika tochi ya simu tu sina la kufanya. Na wale wavuvi wa kule kijijini walitaka hela yao, wao hawajui habari za injini.

Kwahiyo mtu akiniambia tununue ndege nyingine mi swali langu la kwanza ni hili, hizi tulizonazo zimeruka masaa mangapi mwezi uliopita? Sio zipo ngapi.

Halafu kuna suala la injini zenyewe. Dreamliner zetu zinatumia injini za Rolls-Royce aina ya Trent 1000, na hizo injini zimesumbua dunia nzima, mapanga ya ndani yanachakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, inabidi zishushwe kabla ya wakati na foleni ya karakana ni ndefu. Mashirika makubwa kama British Airways na Air New Zealand yameegesha ndege na kupunguza safari kwasababu hiyo hiyo, kwahiyo hili sio uzembe wa Mtanzania. Lakini tofauti ni kwamba mwenye ndege thelathini akiegesha tatu anapanga upya ratiba maisha yanaendelea, sisi tuna tatu. Ikilala moja umepoteza theluthi ya kila kitu. Na hata zile Airbus ndogo, A220, zilishatulalia kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, hadithi ilikuwa hiyo hiyo, ndege mpya nzuri inang'aa lakini haina injini. Somo tulilipata na tulililipia hela.

Sasa ile ya mizigo. Mi naiona 767 ndo manunuzi yenye akili kuliko yote, na nasema hivyo nikijua wapo watakaonipinga. Ina paleti 24 kwenye sakafu ya juu peke yake, mlango mpana, unaingiza mashine nzima. Kabla yake minofu ya sangara ya Mwanza na maua ya Arusha yalikuwa yanapanda lori kwenda Nairobi, na mengi bado yanapanda, kisha yanaruka na ndege za watu na hesabu za mauzo zinaonekana za jirani. Lakini naomba tuache kudanganyana kuhusu parachichi. Kila mwanasiasa akiongelea ndege ya mizigo anataja parachichi za Njombe. Parachichi zinasafiri kwa meli ndani ya kontena la baridi, zinavumilia wiki kadhaa, ukizipandisha ndege nauli inamla mkulima. Mzigo wa ndege ni kile kinachooza haraka au chenye thamani kubwa kwa kilo, yaani minofu mibichi, kaa, kamba kochi, maua, maharage machanga, nyama ya mbuzi ya kwenda Uarabuni.

Na hapo tuna kidonda kingine. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lao, Juni 2025 wakapanua katazo kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, wakitaja usimamizi wa usalama. Soko la maua na minofu ni Ulaya. Ndege ya tani 54 ambayo haiwezi kutua Amsterdam wala Liège imekatwa mguu mmoja. Kulimaliza hilo kunahitaji wakaguzi wengi zaidi pale mamlaka ya anga, mafunzo, kumbukumbu za matengenezo zilizokaa sawa. Ndege mpya haiondoi hata mstari mmoja kwenye ile orodha.

NYONGEZA, jioni: nimesoma michango yenu, asanteni, ngoja nijibu michache.

Kuna mkuu ameandika kwamba hoja yangu inajipinga yenyewe, kama tatizo ni ndege kuwa tatu basi dawa ni kuwa na tano, maana shirika dogo ndo linaloumia ikilala moja. Mkuu hii ndo hoja nzito kuliko zote humu na sikupuuzi. Ni kweli tatu ni chache. Ila angalia bei. Mwaka 2019 bei ya orodha ya 787-8 moja ilikuwa dola milioni 248.3, mnunuzi anapewa punguzo kubwa hapo lakini hata ukikata nusu bado ni hela ndefu mno, na injini ya akiba ni sehemu ndogo ya hiyo. Ukiwa na injini mbili za akiba umeirudisha ndege iliyolala bila kuongeza mshahara wa rubani mwingine wala sehemu ya kuegesha. Baada ya hapo, zikiruka tatu zote mwaka mzima zimejaa, njoo tuongelee ya nne na mi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Mwingine ametoa mfano wa Ethiopia, kwamba wenzetu waliwekeza bila woga wakafika. Kweli, wao ndo wa kwanza Afrika kupokea Dreamliner, mwaka 2012. Lakini walipoipokea tayari walikuwa na karakana yao, chuo chao cha marubani na mafundi, na Addis ilishakuwa njia panda ya watu wanaobadilisha ndege. Abiria wa Lagos anayekwenda Guangzhou anapitia Addis, hapitii Dar, bado. Jengo la tatu la JNIA, uwanja wetu wa ndege wa Dar, tunalo tangu 2019, limejengwa kwa abiria milioni 6 kwa mwaka, ni zuri kabisa, sasa tuwape watu sababu ya kupitia hapo.

Mzee mmoja amekumbusha Alliance Air ya miaka ya tisini, shirika la ndege la pamoja la sisi na Uganda na Afrika Kusini, na ndege yao ile Boeing 747SP. Shikamoo mzee, umenikumbusha mbali. Ilikufa mwaka 2000. Ile ndege ilikuwa kubwa kwelikweli, nilikuwa mdogo tunakimbia kuiangalia kutokea Vingunguti.

Na dada aliyeuliza kama ndugu zake wanaotaka hela iende vituo vya afya wana haki ya kulalamika, ndio dada, wana haki, na ndo maana nataka masaa ya kila ndege hewani na tani zilizobebwa yatangazwe kila mwezi, namba mbili tu, kila ndege na usajili wake. Mwananchi anayelipia aone. Sio tusubiri CAG mara moja kwa mwaka tunashtuka wote.

Kuna aliyeniuliza kuhusu yule mama wa kaa. Yupo, bado anasafirisha. Mzigo wake wa wiki hii unapita Addis.