Ukoo wa Chumbageni: Bibi na vijaluba vya Seattle

*Jumapili asubuhi*

Musa (Seattle): Asalaam aleykum ukoo mzima. Bibi tumemrudisha nyumbani salama, sasa kaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Leo katembea ndani ya handaki kilomita tatu na nusu, kisha akageuza akarudi zilezile.

Zuhura: Waaleykum salaam. Handaki? Musa, mama yangu ana miaka 68. Handakini mmempeleka kufanya nini?

Bibi: Zuhura mwanangu tulia. Sikupelekwa, nilikwenda. Nilikuwa nasaka kijaluba.

Mwajuma: Shikamoo Bibi 😍 Kijaluba cha tambuu?

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Si cha tambuu, ila ndivyo ninavyoviita mimi. Wenyewe huku mchezo wanauita jiokashi. Mtu anaficha kikopo mahali, ndani kaweka daftari, halafu anatangaza namba za ramani mtandaoni. Wewe unafuata simu mpaka inakwambia umefika. Hapo simu imemaliza kazi yake, kilichobaki ni macho na vidole. Ukikipata unaandika jina na tarehe, unakirudisha palepale kama ulivyokikuta. Nimeshapata 11 tangu nije.

Said (Maskati): Shikamoo Mama. Ukishakipata unapewa nini?

Bibi: Marahaba Said. Hupewi kitu. Unaandika jina.

Said (Maskati): Kilomita saba kwa ajili ya kuandika jina?

Musa (Seattle): Shikamoo Ami. Vikopo vikubwa huwa na vitu vidogovidogo vya kubadilishana. Ukichukua, unaweka chenye thamani hiyohiyo au zaidi. Chakula hakiwekwi, wanyama wanakifumua. Visu na pombe marufuku. Lakini watu wazima wengi hawachukui chochote. Mimi nimekaa Seattle miaka minne, najua njia ya kazini na ya sokoni tu. Kumbe dakika kumi kwa miguu kutoka hapa kuna bustani yenye kijito na daraja la mbao. Sikuijua mpaka siku simu iliponipeleka kusaka kikopo.

Mwajuma: Tuambieni la handaki kwanza!

Musa (Seattle): Linaitwa Snoqualmie, mwendo wa kama saa moja kwa gari upande wa mashariki. Lilikuwa la reli, treni ziliacha kupita 1980, sasa ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Msimu wa baridi wanalifunga. Limenyooka hivi kwamba ukiingia upande huu, upande wa pili unauona kama nyota.

Bibi: Nyota hasa. Nikadhani ni taa ya mtu anakuja na baiskeli. Tunatembea, haikaribii. Nimesoma Yasini yote mdomoni, nyota iko vilevile. Na baridi! Mwezi wa saba huu, nimevaa sweta mbili na koti la Halima juu ya baibui. Maji yanadondoka kutoka juu, tochi inaonyesha hatua tatu tu mbele. Mtu ukinyamaza unasikia viatu vyako mwenyewe vinakurudia nyuma. Halafu ile nyota ikawa sahani, ikawa sinia, ghafla tuko nje kwenye jua na miti mirefu sijapata kuona.

Zuhura: Mama ungeteleza humo 😭

Bibi: Sikuteleza.

Musa (Seattle): Ukitoka hapo unapanda kidogo msituni, ndipo kasha lilipo. Ni maarufu hilo. Liliwekwa 2001, mwaka 2011 likatoweka, watu wakalihesabu limekufa. Baadaye kasha lenyewe likapatikana, na 2017 likarudishwa mchezoni. Watu wanapanda ndege kulifuata. Leo tumemkuta mama mmoja na mwanawe wametoka Ujerumani.

Bibi: Huyo mama alikuwa ameshalishika kasha, kalamu mkononi. Aliponiona nahema akaniwekea jiwe nikae, akanipa daftari niandike kwanza. Lugha hatuelewani. Nikaandika: Bibi Mwanaidi, Chumbageni, Tanga. Akaisoma, akauliza Tanga ndiyo wapi, Musa akamfungulia ramani. Akaweka mkono kifuani. Said, hiyo ndiyo niliyopewa.

Said (Maskati): Nimekuelewa Mama.

Zuhura: Musa, nikuulize kitu na unijibu kweli. Nyie watu weusi, mnachungulia vichakani na kupapasa nguzo za taa, tena Marekani. Hakuna anayepiga simu polisi?

Musa (Seattle): Shangazi, swali lako ni la haki na mimi na Halima tulilizungumza mapema. Wenzetu weusi katika mchezo huu wanalisema wazi, si woga wa bure. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Mchana tu. Hatwendi mtu peke yake. Hatusogelei nyumba za watu wala shule, hata kama kikopo kiko halali pembeni yake. Mtu akituuliza tunamwonyesha simu na kumweleza mchezo. Mara moja mzee alitufuata kwa ukali, Bibi akamsalimia, tukamweleza, akaishia kutafuta nasi. Lakini pale moyo unaposita, tunaondoka. Vikopo viko vingi.

Zuhura: Vizuri. Basi iwe hivyohivyo siku zote.

Mwajuma: Kaka, nani alianzisha?

Musa (Seattle): Hii ya kwako Mwaju, unapenda historia. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS, yale ya setilaiti yanayoonyesha mahali ulipo, kwa raia, simu… yaani kifaa kinaweza kukosea hata mita 100. Mwezi wa tano 2000 wakaacha kuvuruga. Siku moja baadaye, tarehe 3, Dave Ulmer akaenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akafukia ndoo nyeusi nusu, akatangaza namba zake mtandaoni ili aone kama watu wataifikia kweli. Ndani aliweka daftari, penseli, kanda za video, vitabu, manati, na kopo la maharage. Ndani ya siku chache Mike Teague akaipata. Ile mitandao ikawaka. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com, na ofisi yao iko hapahapa Seattle, mtaa wa Fremont.

Bibi: Ofisini tulikwenda. Wana chura mwenye antena kichwani, mtoto Amina hakutaka kumwachia.

Mwajuma: Kufukia inaruhusiwa?

Musa (Seattle): Siku hizi hapana, kuchimba ni marufuku mpaka mwenye eneo aruhusu waziwazi. Pale penye ndoo sasa kuna bamba la kumbukumbu. Tulikwenda wiki iliyopita, saa tatu na ushei kwa gari. Bibi kasimama pale kimya muda mrefu.

Bibi: Nilikuwa nawaza lile kopo la maharage. Mtu anafikiria mgeni asiyemjua atafika, labda na njaa, anamwekea maharage. Ni kama mtungi wa maji mlangoni. Mama yangu alikuwa na mtungi na kata nje ya nyumba pale Chumbageni, mpita njia anakunywa bila kubisha hodi.

Zuhura: Naukumbuka ule mtungi 🥹

Said (Maskati): Kata ya kifuu. Nilipigwa kwa kuivunja.

*Jumatano*

Musa (Seattle): Jana jioni kulikuwa na mkutano wa wasakaji bustanini. Huo nao unahesabiwa kama umepata, ila lazima udumu angalau nusu saa. Watu kama 20, kila mmoja na chakula chake. Halima alipeleka kachori, zikaisha kabla hatujakaa.

Mwajuma: Mnafanya nini huko?

Bibi: Wanasimuliana. Mzee mmoja na mkewe wamestaafu, wameshapata elfu kadhaa. Nikamuuliza kipi anakikumbuka zaidi, akasema kile alichokikosa mara sita. Nikampenda. Hapa kuna adabu moja nzuri: ukikosa, unaandika umekosa, hufichi. Mwenye kikopo akiona watu wanakosa mfululizo anakwenda kuangalia kama bado kipo.

Bibi: Na kile cha kwenye nguzo niwaambie? Saa nzima Musa na Halima wanazunguka nguzo moja. Mimi nikapitisha mkono chini ya ubao wa tangazo kama anayetafuta chawa. Kitu kidogo kama ncha ya kidole, kina sumaku, ndani karatasi imeviringishwa kama hirizi.

Said (Maskati): Hii mikutano ni ya watu 20 tu?

Musa (Seattle): Wakipita 500 inaitwa Mega, wakipita 5,000 ni Giga. Giga ya kwanza ilikuwa Munich, 2014. Na Ami, wewe mpenda nyota: kikopo kimoja kiko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Richard Garriott alikipeleka 2008.

Said (Maskati): Huko Mama usiende.

Bibi: Wakinipa lifti 😂

Musa (Seattle): Sasa habari kubwa. Bibi kasuka kawa ndogo ya ukili, upana wa kisosi. Tumeifunga kibati chenye namba. Vitu hivi vinaitwa vya safari: unakiacha kwenye kikopo, msakaji mwingine anakichukua na kukipeleka mbele, si chake, na kila hatua anaiandika mtandaoni kwa ile namba. Mwenyewe unakipa nia. Nia ya kawa: ifike Tanga kwa mikono ya watu.

Zuhura: Jamani Mama 😭😭 Tupigie picha.

Musa (Seattle): Hii hapa. Namba nimeiziba kwa kidole, maana anayeiona anaweza kuandika kaikuta hata kama yuko kitandani. Vingine hupotea, tusidanganyane. Mtu anasahau mkobani, mtoto anachukua.

Bibi: Ikipotea itakuwa inafunika chakula cha mtu.

Mwajuma: Ngoja. Ikifika Tanga itawekwa wapi?

Musa (Seattle): Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Mimi siwezi kuja likizo nikaficha kikopo nikaondoka, hawakubali. Anayeficha awe karibu: karatasi ikilowa abadilishe, mfuniko ukipasuka atengeneze. Anahitajika mtu wa Tanga.

Mwajuma: Niko tayari wallahi. Pale Raskazone kuna mbuyu una tundu zuri.

Zuhura: Mwajuma! Kikopo kina karatasi zimeviringishwa, ndani ya mbuyu. Kesho mtaa mzima utasema umemroga nani. Na wakiona wageni wanapapasa mizizi watasema wanatafuta mali ya Mjerumani, usiku watu wataleta majembe.

Mwajuma: Mama kasema kweli tupu. Watauchimba ule mbuyu mpaka uanguke.

Bibi: Zuhura ana akili. Kiwekwe penye mwenyewe, na mwenyewe ajue, na jirani ajue.

Musa (Seattle): Na ndiyo sheria, ruhusa ya mwenye eneo kwanza. Nje kuandikwe wazi ni mchezo gani, kwa Kiswahili. Kiwe angalau mita 161 kutoka kikopo kingine.

Mwajuma: Baba Rama mwenye hoteli ya chai! Ukuta wake wa nje una matofali ya matundu. Nitamuomba.

Musa (Seattle): Nje sawa. Ila msimfanyie tangazo, na msakaji asilazimike kuingia wala kununua chai.

Zuhura: Atakayefika pale na kunusa mandazi atanunua mwenyewe.

Said (Maskati): Na mapango ya Amboni je?

Musa (Seattle): Ami umegusa penyewe. Kuna aina isiyo na kikopo kabisa, ya kujifunza ardhi. Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani ndiyo iliyoiasisi, ya kwanza ikawekwa Australia mwaka 2004. Unafika, unatazama miamba, unajibu maswali ya aliyeiandaa. Hakuna cha kuibiwa wala cha kulowa. Mapango yale ni ya mawe ya chokaa, maji ndiyo yaliyoyala. Lakini ruhusa ya wasimamizi wake kwanza, kwa maandishi.

Said (Maskati): Nilipelekwa darasa la tano, nikatoka na hadithi za popo na mizimu tu. Mwaju, barua ya kuomba ruhusa niachie mimi, nitakuandikia.

*Jumamosi, wiki tatu baadaye*

Mwajuma: Baba Rama kakubali. Nimemwonyesha tundu, kapima kwa kidole, kasema ataambia na wauza kahawa ili mtu asifukuzwe. Kikopo ni cha plastiki chenye lachi nne, nimekilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi karatasi kavu.

Mwajuma: Na siku ya kwanza tunataka tuifanye ya kusafisha ufuko, kila mtu na mfuko wa taka. Wana mikutano ya namna hiyo tangu 2002. Tangazo litoke wiki mbili kabla.

Zuhura: Mimi napika pilau. Watakaookota wale kwanza.

Musa (Seattle): Kuna taarifa ya kawa! Tuliiacha kwenye kikopo karibu na uwanja wa ndege. Aliyeichukua kaiandika leo kutoka Reykjavik, Iceland. Kapiga picha kaiweka juu ya kikombe cha kahawa.

Bibi: Alhamdulillah. Kaiweka sawasawa, mdomo chini?

Musa (Seattle): Mdomo chini Bibi.

Bibi: Basi anajua. Mwajuma, daftari umenunua?

Mwajuma: Nimenunua Bibi, lenye jalada gumu. Nilitaka mstari wa kwanza uandike wewe ukirudi.

Bibi: Hapana, huo wa mgeni atakayekipata mwanzo. Mimi niandikie ndani ya jalada, kwa penseli, jina la mama yangu. Na uache kalamu mbili, moja huwa inakauka.