Huduma ikague kwanza ndiyo iwake, au iwake tu ijaribu yenyewe? Wakuu mnasemaje

mlinzi_wa_seva: Wakuu habari za saa hizi. Kazini kwetu umeme ukikatika ukarudi, seva zote zinawaka kwa pamoja. PostgreSQL, databesi yetu, iko mashine nyingine na inachelewa, programu ya wateja inaitafuta haiioni inakufa, inawaka tena inakufa, mpaka systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma, inaiacha, maana usipobadilisha kitu ikiwaka mara 5 ndani ya sekunde 10 basi haiwashwi tena. Mimi ndo naamshwa usiku. Nataka niweke ukaguzi kwenye ExecStartPre (amri inayoendeshwa kabla huduma haijawaka), pg_isready, ile ya kuuliza kama databesi iko tayari, izunguke mpaka databesi ijibu. Mwenzangu anakataa kabisa.

kijana_wa_teminali: Mwenzako yuko sahihi. Ukaguzi wa kuwaka unakwambia hali ya dakika ile tu, databesi ikianguka saa nane mchana utafanyaje? Weka Restart=on-failure, RestartSec=5, StartLimitIntervalSec=0, yaani ikifa iwashwe tena baada ya sekunde 5 bila kikomo cha mara ngapi, ukalale. Achana na mambo ya vijiskripti vya kizee vya init.d, vile vya kuwasha huduma kabla ya systemd.

Mzee_Init: Hivyo vya kizee unavyovidharau ndo vilituendeshea seva miaka wewe hujagusa kibodi. Skripti naifungua naisoma mstari kwa mstari najua nini kinaanza na nini kinafuata. Hiyo systemd tulishindiliwa, watu wa Debian, ile Linux, waligombana mpaka wengine wakatoka wakaanzisha Devuan isiyo na systemd.

kijana_wa_teminali: Shikamoo mzee wangu, ila hakuna aliyeshindiliwa, kamati ya ufundi ya Debian ilipiga kura 2014.

Mzee_Init: Marahaba. Kura zenyewe zilifungana 4 kwa 4 mwenyekiti akaamua kwa kura yake! Hayo ndo maridhiano?

dada_wa_zamu: Jamani mwenzenu kauliza databesi. Kaka mlinzi, angalia kosa ni la aina gani. Konfigi (faili la mipangilio) ya nginx, seva ya wavuti, ikiwa mbovu hata usubiri mpaka kesho itabaki mbovu, hapo `nginx -t` inayokagua konfigi kabla ya kuwaka ni halali kabisa, igome mapema. Ila databesi itakuja tu, ya nini kugoma? Na hiyo pg_isready yako ikizunguka zaidi ya sekunde 90 systemd inaikata, labda uongeze TimeoutStartSec, kikomo cha muda wa kuwaka. Mimi ukaguzi mkali ulishanitesa, diski ya nje ilichomolewa na ilikuwa imeandikwa kwenye fstab (orodha ya diski za kupachikwa mashine ikiwaka), seva ikaisubiri dakika moja na nusu ikaingia hali ya dharura, SSH ya kuingia kwa mbali hakuna, nikapanda basi kwenda mkoani kuchomeka skrini.

kijana_wa_teminali: Dada hiyo ungeweka nofail tu, mashine iwake hata diski isipokuwepo, ni neno moja. Hayo ni makosa ya msingi.

dada_wa_zamu: Makosa ya msingi ya nani? Seva niliikuta hivyo, aliyeiandaa alishaacha kazi. Nimesafiri saa 9 kuiwasha halafu wewe unanifundisha nofail? Ungejibu nilichosema kuhusu aina za makosa ningekuelewa.

kijana_wa_teminali: Sijakutukana dada, nimesema ilivyo.

fundi_wa_mtaa: Mimi nashangaa kitu kimoja, ofisi ina databesi ya wateja na haina UPS?

mlinzi_wa_seva: UPS ipo mkuu, betri imechoka, nimeomba mpya tangu mwaka jana bosi anasema bajeti. Usidhani hatujui.

Mzee_Init: Kijana hujanijibu. Umeme ukikatika ghafla journal, ile logi ya systemd isiyo ya maandishi, ikaharibika utasoma nini? Mimi logi yangu ni maandishi, hata nusu ya faili naisoma kwa `cat`.

kijana_wa_teminali: Mzee unaweka rsyslog, programu ya kuandika logi, pembeni unapata maandishi yako yale yale.

Mzee_Init: Kwa hiyo niweke programu ya pili ili nipate nilichokuwa nacho tangu mwanzo!

mlinzi_wa_seva: Wakuu nimeweka RestartSec=5 na StartLimitIntervalSec=0, ExecStartPre nimeitoa. Sasa kuhusu betri, nani ananunua za kuaminika na wapi?