Naomba ushauri: banda la kuku 60 nyuma ya nyumba (Moshi), fundi anataka kuziba lote

MamaJunior_Rau
Habarini wakuu. Nina kieneo nyuma ya nyumba hapa Rau, nataka nianze na kuku 60 wa kienyeji, wa mayai. Fundi kanichorea banda la futi 8 kwa 10, tofali za saruji mpaka juu, na vidirisha viwili vidogo upande wa mlango. Anasema Juni na Julai huku kuna baridi, na ule upepo wa usiku unaoshuka toka mlimani utanimalizia kuku, kwa hiyo tuzibe. Mume wangu yeye anataka mabanzi, hela inayobaki iende kwenye chakula. Jirani naye keshaanza kuuliza habari za harufu, na hata msingi haujachimbwa! Mimi hofu yangu kubwa ni kicheche, maana huku karibu na msitu wanatembea. Tofali sijanunua bado. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Fito
Dada, kabla ya tofali tupige hesabu. Futi 8 kwa 10 ni kama mita za mraba saba na nusu. Kuku mkubwa wa mayai, weka watano kwa mita moja ya mraba. Hapo wanaenea chini ya 40. Ukiwabana 60 wataanza kudonoana na maranda yatakuwa yanaloa kila mara. Kwa 60 jipange kwenye futi 10 kwa 13 hivi, au uanze na wachache.

Baridi ya Moshi kuku mkubwa anaimudu, manyoya anayo. Adui yake ni unyevu na hewa nzito ya kinyesi. Ukiziba anavyotaka fundi, amonia yote inalala humo ndani, na hapo ndipo mafua hayaishi bandani. Tofali ziishie futi mbili na nusu, kutoka hapo wavu mpaka kwenye paa, pande zote mbili ndefu. Na hiyo harufu ya jirani dawa yake ni hiyohiyo, banda likiwa kavu halinuki kihivyo. Ukitaka kujipima, ingia alfajiri kabla hujafungua kitu, chuchumaa mpaka usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, hewa haitoshi. Ukipima umesimama utadanganyika.

ndizi_mzuzu
Mimi nasubiri likamilike tu, nije na ndizi zangu.

MamaJunior_Rau
@ndizi_mzuzu njoo na mbege kabisa 😂
@Mzee_wa_Fito shikamoo. Sasa huo upepo wa usiku tunaufanyaje?

fundi_wa_Majengo
Naomba nijibu hilo, ndio kazi yangu. Urefu wa banda ulale mashariki kwenda magharibi, ili jua lipite juu ya paa lisiingie ndani mchana. Kwa huku kwetu maana yake upande mmoja mrefu utautazama mlima, na ndiko upepo unakotokea. Hapo weka pazia la turubai, hata viroba vilivyoshonwa vinatosha. Ila lifunge CHINI, kwenye tofali, usiku ulipandishe kwa kamba na huko juu uache kama shubiri moja wazi. Wengi wanalining'iniza kutoka juu kama pazia la sebuleni, matokeo yake baridi inapita chini kwenye migongo ya kuku na hewa chafu inagota juu.

Bati zitokeze futi tatu nje ya ukuta, masika si mchezo. Mabanzi anayotaka mumeo sio mabaya, yatumie ubavuni, lakini bandua magome yote kwanza. Chini ya magome ndiko utitiri unakojificha mchana, usiku unatoka kufyonza kuku.

BintiUru
Kuhusu kicheche. Ule wavu wa kawaida wa kuku, wa matundu makubwa, kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Mnyama akitaka kuingia anauchana, na panya wanapita wima wima. Nunua ule mgumu wa tundu la nusu inchi. Ghali ndiyo, lakini unanunua mara moja. Sakafu mwaga zege, asichimbe. Halafu kagua chini ya mlango, watu wanajenga vizuri halafu wanaacha upenyo wa vidole vitatu hapo. Anapita!

Pia muone afisa mifugo wa kata mapema kuhusu chanjo ya mdondo. Ile ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu.

kibosho_kwetu
Zege la nini kuku 60? Udongo ulioshindiliwa unatosha, tumefuga hivyo tangu enzi za bibi.

BintiUru
@kibosho_kwetu kuku wa bibi walikuwa wanashinda migombani, ndani wanaingia kulala tu. Hawa watashinda ndani. Udongo hausafishiki, minyoo na kuhara damu vinabaki humo humo.

MamaJunior_Rau
Jamani mmenisaidia. Futi 10 kwa 13 inaingia nikikata mparachichi mmoja, sijui mume wangu atasemaje. Fito za kulalia kuku je, nizipange ngazi ngazi?

Mzee_wa_Fito
Marahaba. Hapana, usawa mmoja. Ukipanga ngazi wote watagombania ya juu kila jioni. Kila kuku mpe sentimita 20, yaani mita 12 kwa wote. Viota viwe chini kuliko fito, la sivyo watalala humo na mayai yatachafuka. Kiota kimoja kuku watano, futi moja kwa moja, pawe na kigiza. Chini tandika pumba za mpunga inchi tatu au nne, kwenye mashine za mpunga hazikosekani.

MamaJunior_Rau
Na mlango?

fundi_wa_Majengo
Upana futi tatu, toroli lipite. Weka kizingiti pumba zisimwagike, na ufungukie nje. Ukifungukia ndani, pumba zikijaa utakuwa unausukuma kwa bega.