Chuo cha filamu: klozapu tunafanyia mtihani wa karatasi, kamera imefungiwa kabatini

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nasoma diploma ya filamu kwenye chuo kimoja hapa Dar. Jina sitaji, cheti changu bado wanacho wao. Juzi tumerudishiwa karatasi za mtihani. Swali la kwanza: "Taja na ufafanue aina saba za shoti." Alama 15! Shoti ya mbali inaonyesha mazingira, ya kati inakata kiunoni, klozapu ni uso, ya kimarekani inakata mapajani ili bastola ya kauboi ionekane. Haya, tumekariri. Nani kati yetu ameshika kamera?

Kamera ipo. Ipo kabatini, na funguo anatembea nazo mtu ambaye kila ukimfuata yuko kikaoni. Siku ikitolewa tunaigombania kama daladala ya jioni Kariakoo. Mmoja anabonyeza rekodi, sisi wengine tunaangalia kisogo chake, muda umeisha, inarudi kabatini. Na kwenye ada tunalipia "mafunzo kwa vitendo", tena bila kukosa, maana usipolipa mlango wa mtihani huuoni.

Sasa kilichonichefua hasa. Niliandika kwamba klozapu si lazima kamera isogezwe usoni kwa mtu. Nikapigwa mkasi wa wino mwekundu: "Kamera LAZIMA iwe karibu." Jamani! Klozapu ni ukubwa wa uso ndani ya fremu. Chukua kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), funga lenzi ya 135mm, ile ya kuvuta, simama mita mbili: uso umejaa na pua imebaki saizi yake. Fremu hiyo hiyo uitake kwa lenzi ya 24mm, ile pana, itabidi umsogelee mwigizaji hadi sentimita 35 hivi, na hapo pua inavimba, masikio yanakimbilia nyuma, mrembo anageuka katuni. Hilo ukilifanya kwa mkono wako mara moja tu hulisahau. Kwenye slaidi za mwalimu halimo, na mwaka hadi mwaka ni slaidi zile zile.

Tukasema basi, tufanye mazoezi na simu zetu. Tukapeleka kazi. Ikakataliwa, hata kufunguliwa haikufunguliwa: "Simu si kifaa cha kitaalamu." Sean Baker alipiga filamu nzima, Tangerine ya 2015, kwa iPhone 5s. Mwaka 2025 akabeba Oscar ya mwongozaji bora, kwa filamu nyingine. Huyo naye tumwambie arudie somo?

Sisemi simu ni sawa na kamera. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inalingana na 24mm au 26mm, ndiyo maana ukimsogelea mtu anaharibika sura. Lakini hilo lenyewe si ndiyo somo? Mwambie mwanafunzi arudi nyuma, atumie lenzi ya kuvuta kama simu inayo, alinganishe. Mwambie asikate fremu kwenye magoti wala vifundo vya miguu. Aangalie nafasi juu ya kichwa. Awaweke wawili wanaongea, apige juu ya bega la huyu kisha la yule bila kuvuka mstari wa nyuzi 180, yaani ule wa kufikirika unaowaunganisha wawili hao; kamera ibaki upande mmoja. Vyote hivyo havihitaji funguo za mtu.

Matokeo yake yanaonekana. Nimeangalia kazi za mwisho za waliotutangulia: mume na mke wanagombana, ukikata kwenda kwa mke, wote wawili wanaangalia kushoto, kana kwamba wanamgombeza jirani mmoja. Na mstari wa nyuzi 180 walifaulu vizuri kabisa kwenye karatasi, nina uhakika. Siwalaumu wao. Mtu aliyeshika kamera kwa zamu ya dakika chache ungetaka afanyeje?

Tukilalamika tunaambiwa vifaa ni ghali. Sawa, ni ghali. Basi kwa nini mlivyonavyo vinalala?

Wadau mliosoma vyuo vingine, hapa nchini au Nairobi: kwenu mwanafunzi anaazimwa kamera aondoke nayo hata wikiendi moja? Anasaini fomu gani, dhamana ni nini, ikivunjika nani analipa? Nataka tupeleke pendekezo la maandishi, si kelele tu. Na wale wa "si ungesoma uhasibu", piteni kimya kimya, uzi huu hauwahusu.