Majimoto kwenye mikorosho: tuwapulizie dawa au tuwaache?

Wadau, juzi huku kwetu Masasi tumebishana mpaka chai ikapoa. Jirani anataka kupuliza shamba zima amalize majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani juu ya mti, anasema wanafuga wadudu. Na kweli wanafuga, hapo simpingi, ukifunua kiota unakuta vidugamba vimejipanga kwenye tawi vinafyonza utomvu vinatoa majimaji matamu, majimoto wanalamba, na ole wake atakayevigusa, saa nyingine wanavishonea kibanda cha majani kabisa.

Ila tuulizane, mchungaji akiondoka anabaki nani? Mbu wa mikorosho (sio huyu wa malaria) na kunguni wa mimea (sio wa kitandani). Mbu akichoma machipukizi na maua yanakauka meusi kama yameungua moto, kunguni akichoma korosho changa inasinyaa. Hao ndo wanaokula hela zetu, na majimoto wanawawinda bure bila kudai posho. Sio hadithi za vijiweni, kuna mtafiti Mwingereza anaitwa Way alikaa na hawa chungu Zanzibar miaka ya 1950, kwenye minazi na mikarafuu, akaona mnazi wenye majimoto wa kutosha hauangushi nazi changa hovyo, maana kunguni huyuhuyu anazichoma nazo, mpaka huyo kunguni akapewa jina lake, Pseudotheraptus wayi (sijui kama ni heshima hiyo, kuitwa kunguni). Mimi nasema tuwaache. Mwenye hoja karibu.

— Mama Machungwa, Muheza:
Kaka, wewe korosho unaokota chini. Mimi machungwa yanachumwa juu ya mti, vijana wakiona majimoto wanapandisha bei au wanagoma kabisa. Na ile sukari ya vidugamba ikidondokea matunda inaota masizi meusi, mnunuzi anakukata bei hapohapo. Halafu vile vimende vyekundu vya madoa vinavyokula vidugamba, majimoto wanavifukuza! Mlinzi gani anamlinda mwizi?

— Mleta mada:
Dada hapo umenibana, kwa machungwa sina ubishi sana. Vijana wapake majivu mikononi waanze alfajiri kabla jua halijawachangamsha, ila masizi sina dawa yake. Mimi naongelea korosho, hasara ya kidugamba ukiiweka na ya mbu haifiki popote.

— Mstaafu wa kilimo:
Mnasahau wale sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa chini ya mti, wenye askari wa vichwa vikubwa. Nao wanafuga, tena sana, ila kunguni wala hawana habari naye, na wana vita na majimoto siku zote. Sasa ukipuliza juu, majimoto wanakufa na viota vyao, hawa wa chini wako mashimoni wanapona, kesho wanapanda wanarithi mifugo. Vidugamba vipo palepale, mlinzi hakuna. Huyo jirani amewahi kufukua pale shinani akaangalia kuna nani? Aanzie hapo kabla hajachanganya dawa.