Naomba ushauri: kupima unawaji mikono wa upasuaji

Hamjambo wakufunzi wenzangu. Naomba msaada wenu, hasa mnaosimamia mitihani ya vitendo ya uuguzi hapa Mombasa.

Wanafunzi ni 40, sinki za mfereji wa kiwiko (unaofunguliwa kwa kiwiko, bila kushikwa) ni mbili tu (na maji yakikatika, tunabaki na madumu). Orodha yetu ina hatua 20, kila moja alama 1: kuvua pete na saa, kusafisha chini ya kucha, klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya 4%, kila kidole pande zake nne, kisha kiganja, mgongo wa mkono, na kupanda hadi kiwikoni, dakika 3 hadi 5, vidole vikiwa juu ili maji yatiririkie kiwikoni.

Shida ni kwamba aliyeshusha mikono chini ya kiwiko au kugusa mfereji hupoteza alama moja, anapita kwa 95%. Thietani (chumba cha upasuaji) angeanza upya! Tena wapimaji wawili humpa mwanafunzi yuleyule alama tofauti, hasa kwenye "amesugua vizuri".

Tumejaribu losheni inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Hufichua dole gumba na katikati ya vidole palipoachwa, lakini haionyeshi mpangilio wala aliyejichafua wakati wa kujikausha kwa taulo tasa (isiyo na vijidudu).

Je, ni hatua zipi mmezifanya za lazima, kwamba akikosea moja ameanguka? Na mnawalinganishaje wapimaji kabla ya mtihani: kwa video, au kwa kumpima mtu mmoja pamoja?

Shukrani.