Tuliolelewa na wanajeshi wastaafu, tupeane uzoefu wa wazee wetu

Mwana Kota
Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa kwenye daladala ya Tegeta, tumefika usawa wa Lugalo nikasikia tarumbeta ya kushusha bendera. Nikanyooka kwenye kiti bila kuambiwa na mtu. Mzee wangu alistaafu na cheo cha meja, tumemzika mwaka huu.

Tuliokulia kota tunajua: bendera ikishuka mpira unasimama palepale, hata kama umebaki wewe na kipa. Na nyumbani kulikuwa kambi ndogo. Saa kumi na moja alfajiri mko macho, vitanda vimetandikwa, mzee anapita kukagua. Saa mbili usiku taarifa ya habari ya RTD, hapo hakuna kukohoa. Lakini huyohuyo ndiye aliyekuwa anamsuka mdogo wangu wa kike mama akiwa zamu ya usiku. Alikuwa anajua twende kilioni tu, basi mtoto alikwenda na twende kilioni mpaka darasa la nne.

Wenye wazee wa namna hii leteni habari zao. Nina hamu ya kuzisikia.

Jirani wa Monduli
Hapo kwenye taarifa ya habari nakazia.

Mgosi
Wangu alikuwa kapteni. Jumapili jioni anapanga viatu vyetu vya shule barazani, anavipiga Kiwi mwenyewe kwa kipande cha blanketi la jeshi. Sikuwahi kumsikia akisema anatupenda, na hakuna siku niliyokwenda shule na kiatu kichafu.

Kwetu Songea
Mnawasahau mama zetu. Mimi shule ya msingi nimesoma Nachingwea, Tabora na Songea. Ukishapata rafiki wa kukaa naye dawati moja, lori limekuja, pakieni vyombo. Aliyekuwa anafunga na kufungua vyombo hivyo ni mama.

Mzee alipopelekwa Kagera mwishoni mwa 1978, mama alibaki kota na watoto wadogo na mimba juu. Kila gari likisimama nje anatoka mlangoni, maana wake wenzake walikuwa wanaletewa habari kwa namna hiyo. Akashindwa kulala mpaka jirani akahamia kwetu. Halafu vita ikaisha, Mwalimu akatutangazia miezi 18 ya kufunga mkanda, na wote mnajua miezi ile ilivyorefuka. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga. Mzee alipewa medali yake, alistahili. Mama hakupewa kitu.

Mama Wawili
Dada umesema yote.

Mlugaluga
Mimi nimebaki na kombati za marehemu. Huwa nazivaa nikienda shamba Chanika. Nikizivaa najisikia niko naye.

Afande Mstaafu
Kijana, zirudishe. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa. 2023 jeshi lilitoa siku saba watu wasalimishe, hukusikia?

Mlugaluga
Shikamoo mzee. Nilisikia, lakini hizi zimechakaa, ni za baba yangu wala sikuzinunua mtaani.

Afande Mstaafu
Marahaba. Askari wa doria hajui kama ni za baba yako. Baba yako mwenyewe angekuwa hai angekuvua.

Mama Wawili
Zichome tu, yaishe.

Mgosi
Usichome nguo ya marehemu! Nenda na mtu mzima mmoja wa ukoo, mzikabidhi kambini kwa heshima. Medali na picha bakini nazo.

Jirani wa Monduli
Kata vitambaa vya kupigia viatu Kiwi, uwe kama mzee wa Mgosi.

Afande Mstaafu
Wewe jirani unampotosha mwenzako.

Bintiafande
Nilitaka kupita kimya ila ya Kwetu Songea imenigusa.

Baba yangu alistaafu luteni kanali. Vita aliingia akiwa luteni, akiongoza platuni, akarudi Juni 1979. Miaka yote hakusimulia. Tukimuuliza anasema, "Tulikwenda, tukarudi," anaomba maji. Tulijua kapita Mutukula na Masaka kwa sababu tu rafiki zake walikuwa wanayataja.

Miaka michache iliyopita kisukari kilimlaza. Usiku mmoja nilikuwa naye wodini, homa imepanda. Saa nane hivi akaketi mwenyewe, mtu ambaye mchana alikuwa hawezi kugeuka. Akaita kwa sauti ile ya gwaride: "Platuni!" Wodi nzima ikaamka. Nesi akaja mbio akitaka kumlaza, baba akamwambia, "Lala chini wewe, unataka kufa?"

Kisha akaanza kuita majina. Jina moja, ananyamaza, anasubiri. Hakuna anayejibu. Anarudia jina lilelile, safari hii kwa ukali, na mikono inatetemeka. Nikaona atapasuka moyo. Alipoita linalofuata nikaitika mimi: "Nipo, afande!" Akatulia. Akaita jingine, nikaitika. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa watu simjui, naye akaanza kuitika. Tukaenda hivyo jina kwa jina, mimi na yule mzee tukipokezana, na nesi amesimama pale ameshika sindano analia.

Akafika jina moja, tukaitika kama kawaida. Akakataa. Akanitazama akasema, "Huyu hayupo. Huyu nilimwacha kwenye maji Lukaya." Hapo ndipo nilipomwona baba yangu analia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Aliishi wiki kadhaa baada ya hapo, hakuligusia tena, na mimi nikaogopa kuuliza. Ila usiku uleule niliomba kalamu kwa nesi nikaandika majina yote niliyoyakumbuka. Daftari ninalo.

Mama Wawili
Nimesoma nikiwa kazini, nimeshindwa kuendelea na kazi. Pole sana mdogo wangu.

Mchambuzi
Pole. Ila Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Juni alikuwa anafanya nini huko?

Kwetu Songea
Kampala ndiyo ilianguka, Amin na watu wake wakakimbilia kaskazini. Vijana wetu wakasonga mpaka West Nile, mpaka wa Sudani wakaufikia mwanzoni mwa Juni. Uliza kabla ya kumkosoa mtu.

Mchambuzi
Nimeuliza tu, mbona ukali?

Mgosi
Mtu anasimulia baba yake, wewe unakagua kalenda.

Nshomile
Bintiafande, samahani dada yangu, mikono inanitetemeka nikiandika. Mimi ni wa Muleba. Baba yangu mdogo alichukuliwa kutoka mgambo, na habari tuliyoletewa ni kwamba alifia Lukaya. Kaburi lake tunalijua, yuko Kaboya na wenzake. Tusichokijua ni siku yake ya mwisho ilikuwaje na alikuwa na nani. Bibi amekufa akiuliza hilo. Baba yangu bado yupo, ni mzee sana, naye anauliza. Je, naweza kukutajia jina faraghani ulitafute kwenye daftari?

Bintiafande
Nitajie kaka. Hapa siwezi kuyaweka, wengine familia zao huenda hazijui.

Mchambuzi
Hapo naungana nawe, majina yasije hapa.

Mwana Kota
Mimi naona mngeyaweka tu, watu wapate kujua.

Afande Mstaafu
Hapana. Mkutane kwanza ninyi wawili, mzee akiwepo. Jina likipatikana asiambiwe kwa simu, aambiwe ameketi na watu wake pembeni. Lisipopatikana pia aambiwe. Na wewe binti, piga nakala ya hilo daftari leo hii, usingoje kesho. Kuna wenzetu walioingia Lukaya bado wako hai, baadhi nawajua. Nitauliza.

Nshomile
Asante sana mzee wangu. Dada, nimejaribu kukutumia ujumbe unakataa. Fungua PM yako tafadhali.